Nyumba Yenye Akili: Akili Iwe ya Nani?



Ndugu wasomaji, nianze kwa kukiri kosa. Ramadhani moja iliyopita watu sita nyumbani kwetu walifunga bila daku, na kilichowanyima daku hakikuwa ufukara wala usingizi mzito. Ni mimi na mashine yangu.

Ilikuwa hivi. Sisi tunakaa Buyenzi, hapa Bujumbura, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijifurahisha baada ya kazi kwa kuifundisha nyumba yetu kujiendesha: taa ziwake zenyewe panapohitajika, pampu ijue kuwa tangi limejaa, na mengineyo. Mwezi ule nilipanga taa ya sebuleni iwake saa tisa na nusu usiku na kengele ndogo ilie jikoni, ili watu waamke wale daku. Siku kumi za mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno, hata mama watoto akaacha kutega saa ya simu yake. Usiku wa kumi na moja umeme ukakatika saa tano, ukarudi saa saba na nusu. Kompyuta ndogo inayoongoza yote hayo haina saa yenye betri ndani yake; kila inapowashwa huiuliza intaneti ni saa ngapi. Usiku ule intaneti haikuwepo. Basi ikaanza kuhesabu pale ilipokomea, kama msafiri aliyepitiwa na usingizi njiani akaamka akidhani bado yuko kituo cha nyuma. Kwa hesabu yake saa tisa na nusu ilikuwa bado. Kwa hesabu ya mbingu, alfajiri ilikwisha ingia. Tuliamshwa na adhana.

Mama yangu, ambaye wajukuu humwita Bibi, alikaa kitako juu ya mkeka akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, zamani tulikuwa tukiamshwa na jogoo, na jogoo hahitaji umeme."

Watoto walicheka. Mimi sikucheka. Lakini sikuing'oa mitambo ile, na leo napenda kueleza kwa nini sikuing'oa, na ni masharti gani nimejiwekea tangu siku hiyo. Najua vijana wengi wanaosoma ufundi wa kompyuta na umeme wanatamani kufanya kazi kama hii majumbani mwao, na najua pia wazazi wengi wanaitazama kwa shaka. Maoni yangu ni kwamba kila upande una haki yake.

Si jambo geni

Wapo wanaodhani kuwa chombo kinachojiendesha ni uzushi wa juzi. Hebu tukumbuke historia. Katika karne ya 9, huko Baghdad, ndugu watatu waliojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu kinachoeleza vyombo vipatavyo mia moja, vingi vikiwa vinafanya kazi kwa maji na hewa, vyenye vali zinazojifungua na kujifunga zenyewe. Mwaka 1206, al-Jazari, aliyekuwa akifanya kazi Diyarbakir, alimaliza kitabu chake cha mitambo. Ndani yake imo saa ya maji yenye umbo la tembo, na vimo pia vyombo vya kumtilia mtu maji ya kunawa, kimoja kikiwa na umbo la tausi. Mtu yule alikwisha kufikiria jinsi ya kumpunguzia mwenziwe taabu ya kubeba birika, miaka mia nane kabla yetu.

Katika zama zetu hizi, mojawapo ya nyumba za mwanzo kabisa kuongozwa na kompyuta ilianza kama kazi ya mapumziko. Mwaka 1966 mhandisi Mmarekani aitwaye Jim Sutherland, wa kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh, alijijengea nyumbani kwake kompyuta aliyoiita ECHO IV kwa vipande vilivyobaki kazini. Ilikuwa na uzito wa kilo 360 hivi, nayo ilisaidia mahesabu ya familia, ikawasha na kuzima vyombo. Baadaye, mwaka 1975, ikazaliwa huko Scotland njia ya X10, inayopitisha amri za kuwasha na kuzima katika nyaya zilezile za umeme wa nyumba.

Kilichobadilika tangu hapo ni bei na ukubwa. Mwaka 2012 ilitoka Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyotengenezwa Uingereza kwa nia ya kuwafundisha vijana. Mwaka 2014 kikawafikia wapenda ufundi kipande kidogo kiitwacho ESP8266, cha kampuni ya Espressif ya China, kinachoweza kuunganishwa na waifai kwa dola chache tu. Mwaka 2013 Mholanzi Paulus Schoutsen alianzisha programu ya bure iitwayo Home Assistant, ambayo tangu 2024 iko chini ya taasisi isiyo ya kibiashara, Open Home Foundation. Kwa vitu hivi vitatu, kijana wa Bujumbura, Goma au Kampala anaweza leo kufanya chumbani kwake kazi iliyomhitaji Sutherland kilo 360 za vyuma.

Inavyofanya kazi

Kwa asiyejua, mfumo huu una sehemu tatu, nami nimezoea kuwaeleza watoto kwa mfano wa mwili. Kuna vihisi, navyo ni macho na masikio: kimoja huhisi joto la mwili unaopita, kingine hupima kina cha maji, kingine hujua kama mlango umefunguliwa. Kuna ubongo, nao ni ile kompyuta ndogo. Na kuna mikono, nayo ni rilei, yaani swichi inayobonyezwa na umeme mdogo ili kuruhusu au kuzuia umeme mkubwa. Habari kutoka kwenye vihisi hadi kwenye ubongo hupita kwa lugha fupi iitwayo MQTT, iliyobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kuchunga mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti. Lugha iliyotungwa kwa mabomba ya mafuta ndiyo inayonipa leo habari za tangi la uani.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya anasa. Choo chetu kiko uani, kama nyumba nyingi za mtaa wetu, na usiku mmoja Bibi alianguka akienda kutia udhu. Hakuvunjika, alhamdulillah, lakini alikaa wiki nzima akitembea kwa kushika ukuta. Taa ilikuwepo, swichi yake ilikuwa mbali, naye hakutaka kumwamsha mtu. Nikaweka kihisi cha joto juu ya mlango wake na kingine uani, na taa ndogo ya wati 5 inayotumia betri ya voti 12 ili iwake hata umeme ukikatika. Akitoka, njia inaangaza. Akisharudi, inazima baada ya dakika tatu. Kihisi hicho hakipigi picha wala hakisikii sauti. Kinachojua ni kwamba mwili wenye joto umepita, basi.

Ndugu msomaji, kwa miaka yote ya kuchezea nyaya sijafanya kazi yenye faida kuliko ile taa moja. Ndiyo maana nasema kuwa ufundi huu ukianza na shida ya mtu huwa ni wema. Ukianza na tamaa ya kifaa huwa ni mchezo, na mchezo una mwisho wake.

Kazi ya pili ilikuwa tangi. Maji huja kwa zamu, tunayakinga chini, kisha pampu huyapandisha juu. Nikafunga kihisi kinachotuma sauti isiyosikika na kupokea mwangwi wake kutoka juu ya maji. Binti yangu, wakati huo yuko kidato cha pili, ndiye aliyefanya hesabu: sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.006, sauti imekwenda mita mbili kwenda na kurudi, kwa hiyo maji yako kama mita moja chini ya kihisi. Alifurahi kuliko siku aliyopata alama nzuri ya hesabu shuleni, kwa kuwa hii ilikuwa hesabu yenye maji ndani yake.

Lakini baada ya miezi mitatu unyevu ulikiingia kihisi kile, kikasema tangi ni tupu hali limejaa. Pampu ikaendelea kusukuma. Maji yakamwagika uani usiku kucha, siku ambayo jirani alikuwa amepanga ndoo zake bombani. Niliona aibu kubwa. Siku ya pili nikaweka boya la kawaida, lile la plastiki linaloelea na kukata umeme wa pampu bila kuuliza kompyuta yoyote. Kihisi kipya nacho kipo, ila neno la mwisho ni la boya. Banu Musa walilijua jambo hili kabla ya umeme: kinga iliyo bora ni ile isiyohitaji kufikiri.

Ubongo ukae wapi?

Sasa nije kwenye hoja ninayoiona kubwa. Mara nyingi utasikia mtu akisema: kwa nini ujisumbue na kulehemu waya, wakati madukani kuna taa na soketi zilizo tayari, unazifungua kwenye boksi, unapakua programu ya simu, na kazi imekwisha?

Jibu langu ni swali: ubongo wa vyombo hivyo uko wapi? Kwa vingi, unapobonyeza simu yako ukiwa kitandani ili uzime taa iliyo juu ya kichwa chako, amri husafiri kwanza hadi kwenye kompyuta za kampuni katika nchi nyingine, kisha ndiyo irudi chumbani kwako. Intaneti ikikatika, huna taa. Kampuni ikichoka, huna chombo.

Haya si maneno ya kutisha watu. Kilikuwepo kifaa kiitwacho Revolv, kilichouzwa dola 300 ili kuunganisha vyombo vya nyumba. Kampuni ya Nest iliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 huduma yake ikafungwa. Vifaa vilivyolipiwa vikabaki kuwa vipande vya plastiki. Aprili 2022 wateja wa Insteon waliamka wakakuta seva zimezimwa bila kuambiwa, na haikurudi hadi baadhi ya wateja wenyewe walipoinunua. Na mwaka 2016 programu mbovu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60, ambayo wenye vyombo hawakuwahi kuyabadilisha. Kamera za watu wasiojua lolote zikageuzwa jeshi la kushambulia mitandao ya wengine.

Anayejenga mwenyewe haepuki kila hatari, lakini anajua ubongo uko wapi. Wangu uko juu ya kabati la vyombo, ndani ya kopo la biskuti lililotobolewa matundu ya hewa. Intaneti ikikatika, taa ya Bibi haina habari. Nikitaka kuuzima wote, nachomoa waya mmoja.

Nyumba isiwe jasusi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anivumilie, kwa sababu kosa la daku lilikuwa kosa la saa, na hili lilikuwa kosa la moyo.

Baada ya taa na tangi nilipata tamaa. Niliweka vihisi vya sumaku kwenye milango: lango la nje, jikoni, vyumba vya watoto, na chumba cha Bibi. Nikasema ni kwa usalama. Programu yenyewe ina desturi ya kuhifadhi kumbukumbu ya siku kumi bila hata kuombwa, ikachora mistari mizuri ya rangi: nani alifungua, saa ngapi, mara ngapi. Nikawa naitazama kila jioni kama mtu anavyotazama matokeo ya mpira.

Siku moja tukiwa tunakula, na mjomba yupo, nikasema kwa wema kabisa: "Mama, jana usiku umetoka mara nne. Hujambo kweli? Tusikupeleke hospitali?"

Aliacha kula. Akaniuliza: "Kumbe unanihesabu?"

Nikaanza kueleza habari za afya na usalama. Binti yangu naye akauliza, bila kuinua macho kwenye sahani: "Baba, na mlango wangu unahesabiwa?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wangu. Mlango wake ulikuwa unahesabiwa, kweli.

Sisi ni watu tuliofundishwa adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia. Surat An-Nur inatufunza adabu hiyo kwa nyumba za wengine, na ndani ya nyumba zetu wenyewe inawataka hata watoto wetu waombe ruhusa katika nyakati tatu za faragha: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Surat Al-Hujurat inakataza kupelelezana. Basi hebu tujiulize: ikiwa mtoto mdogo anaagizwa abishe hodi, kihisi na kamera vimepata wapi ruhusa ya kuingia na kukaa ndani usiku na mchana? Nilikuwa nimemtanda mama yangu kwa macho asiyoyaona, kisha nikatangaza nilichokiona mbele ya mgeni. Nia yangu ilikuwa njema, lakini nia njema haimvui mtu adabu.

Usiku uleule nilivitoa vihisi vya vyumbani na kufuta kumbukumbu. Siku ya tatu nikaenda kukaa na Bibi uani, nikamwomba radhi, nikamwonyesha kila kitu kilichobaki na kinachofanya. Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza: "Kama nimetoka usiku na nimekawia sana kurudi, hapo ningependa ujue. Lakini ujue hilo tu." Tukakubaliana: taa ya uani ikiwaka mfululizo zaidi ya dakika ishirini usiku, kengele inalia chumbani kwetu. Haiandikwi popote, na asubuhi haiko.

Kengele ile imelia mara mbili tangu wakati huo. Mara ya kwanza alikuwa amekaa tu akipunga upepo, akatufukuza turudi kulala. Mara ya pili alikuwa ameteleza karibu na mtungi na hakuweza kuinuka.

Kihisi ni kilekile na waya ni uleule. Kilichotofautiana ni idhini.

Je, si israfu?

Wazee wetu husema, na wana haki kusema, kuwa haya ni kupoteza pesa. Nataka kuwa mkweli hapa, kwa kuwa wauzaji wa vifaa hivi hupenda kudai kuwa vinaokoa umeme. Tupige hesabu. Kompyuta ndogo inayokula wati 4 mchana na usiku hutumia karibu uniti 35 kwa mwaka. Taa moja ya kisasa ya wati 9 ingebidi ikae imezimwa saa karibu kumi na moja zaidi kila siku, mwaka mzima, ili kulipa uniti hizo. Nani anaacha taa ikiwaka ovyo kiasi hicho? Kwa upande mwingine, ukiondoa balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka saa tano kila siku ukaweka ya wati 9, unaokoa uniti zipatazo 93 kwa mwaka, na hukuhitaji akili ya mashine bali akili yako. Kwa hiyo ndugu yangu, badilisha balbu kwanza. Atakayekuambia uweke mfumo huu ili bili ipungue, mwulize hesabu.

Faida yake iko kwingine. Iko kwa mzee asiyeanguka, na kwa maji yasiyomwagika. Na zaidi ya yote iko kwa mtoto anayejifunza kuwa vyombo vilivyomzunguka vilitengenezwa na watu, na kwamba yeye pia ni mtu. Vijana wetu hushika simu kutwa nzima wakitumia vitu vilivyobuniwa na wengine. Kijana aliyewahi kuandika amri kumi na taa ikamtii haitazami simu kwa jicho lile la zamani. Binti yangu sasa ndiye anayenisahihisha, na mdogo wake anajua kulehemu vizuri kuliko mimi, kwa kuwa mikono yake haitetemeki.

Israfu ipo, lakini mara nyingi ni ya wakati kuliko ya pesa. Nimewahi kukaa hadi saa nane usiku nikitafuta kwa nini taa inapepesa, nikaikosa jamaa ya alfajiri. Hapo chombo cha kunitumikia kilikuwa kimeshanifanya mtumishi wake.

Kwa anayetaka kuanza

Kwa wanafunzi na wazazi watakaojaribu, nawaachia masharti yetu. Kila moja tumelilipia.

1. Anza na shida ya mtu aliye nyumbani, umwulize yeye mwenyewe. Usianze na orodha ya vifaa.

2. Swichi ya ukutani ibaki na ifanye kazi. Mgeni, mtoto na bibi wasihitaji simu ili kuwasha taa. Mashine ikifa, nyumba iendelee.

3. Umeme mkubwa wa voti 220 unaua. Watoto wafanye kazi na voti 5 na 12 tu. Yanayogusa nyaya za ukutani aachiwe fundi umeme aliyesomea, breka ikiwa imezimwa, na nyumba iwe na kikata umeme cha miliampea 30 kinachozima unapovuja. Na msidanganywe na rilei ndogo iliyoandikwa ampea 10: mota ya pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiasi chake cha kawaida. Pampu iwekewe kontakta.

4. Mahali penye maji au moto, weka kinga isiyotegemea programu, kama boya letu.

5. Kompyuta isiyo na saa iongezewe kipande cha saa chenye betri ya kidonge, na iwe na betri ya kuivusha umeme unapokatika, kwani kuzimika ghafla huharibu kadi ya kumbukumbu. Hata hivyo, daku isiachiwe mashine peke yake. Sisi tumerudi kutega simu mbili, na jirani ana jogoo.

6. Badilisha maneno ya siri ya kiwandani siku ileile ya kwanza.

7. Kamera na vipaza sauti visiingie ndani ya nyumba. Kihisi kingine chochote kiwekwe kwa idhini ya anayehisiwa, na akikataa, jibu liwe "sawa". Mtoto mkubwa naye ana haki hiyo.

8. Andika kila kitu kwenye daftari kwa lugha ya nyumbani: waya huu ni wa nini, ukitaka kuzima yote fanya nini. Mimi nimeibandika karatasi kando ya breka. Nikisafiri, au nikiitwa na Mola wangu, sitaki niwaachie watu wangu nyumba isiyowasikiliza.

Sharti hili la mwisho alinikumbusha mama watoto. Aliniuliza siku moja, akifanya mzaha na hafanyi mzaha: "Ukifa, taa zitamtii nani?" Tukakaa chini jioni ile, nikampitisha kipande kwa kipande hadi akaweza kuuzima mfumo na kuuwasha tena bila mimi. Ilituchukua saa mbili na vikombe vitatu vya chai ya tangawizi. Nikagundua kuwa kwa miaka miwili nilikuwa nimejenga kitu cha watu wote kinachojulikana na mtu mmoja.

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, akili ya nyumba iwe ya nani? Kwangu mimi si ya kampuni iliyo ng'ambo, wala si ya baba mwenye kuchora mistari ya rangi. Iwe ya wote wanaolala chini ya paa lile: wanaijua, wameiridhia, na wanaweza kuizima. Nyumba ya namna hiyo hata ikiwa na taa moja tu inayojiwasha, inatosha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na sitara, awape wazee wetu afya, na awafanye vijana wetu wawe wenye elimu inayonufaisha.